Barua kwa mwanangu: gari liamshwe na mnunuzi

Mwanangu,

Marahaba. Ripoti ya ukaguzi wa gari unalotaka kununua nimeisoma, na picha zote nimezikuza nikazitazama moja moja. Umeniuliza jambo moja tu: ripoti haina kasoro, je, ulipe? Hilo la kulipa naliweka pembeni kwanza. Ninachotaka kujua ni hiki: fundi alipofika, injini ilikuwa baridi au ilikuwa imeshapata moto? Ripoti haisemi. Imeandikwa "injini inawaka vizuri, haina moshi", basi. Inawaka vizuri baada ya kulala usiku kucha, au baada ya kutoka barabarani?

Msimamo wangu unaujua, umeusikia tangu ulipokuwa unakaa kiti cha nyuma: gari huamshwa, yaani huwashwa likiwa baridi, na mnunuzi, si muuzaji. Na unajua ulianzia wapi. Gari la mjomba wako. Walipokwenda kulitazama walilikuta linanguruma, muuzaji anatabasamu, eti amelitembeza kidogo betri isilale. Likaendeshwa, likaenda bila neno. Fundi aliyeletwa na muuzaji huyohuyo akasema safi. Asubuhi ya kwanza nyumbani kwa mjomba likawaka kwa kutetemeka, silinda moja inamisi, moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu ukatanda hadi kwa jirani. Baada ya dakika likatulia kana kwamba halikufanya kitu.

Ilikuwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Gari likizimwa likiwa na moto, mfumo wa kupoza bado una presha, na kulanti, yaani maji ya kupoza injini, hupenya polepole kwenye silinda pale gasketi ilipolegea. Asubuhi plagi imelowa, silinda hiyo haichomi. Kulanti ikishaungua ikatoka kwa ekzosi, na chuma kikatanuka kwa joto, upenyo hubana na injini hurudi kuwa laini. Anayelisikiliza likiwa limeshapata moto hasikii chochote. Muuzaji alijua. Haya, tuseme hakujua, maana baba yako husema hivyo kila mara, kwamba huenda mtu wa watu hakuwa na habari. Basi ile dawa ya kuziba uvujaji iliyokutwa imeganda chini ya mfuniko wa radieta ilijimwaga yenyewe? Naacha.

Kwa hiyo rudi ulione upya, na safari hii mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti, kisha karibu na bomba la ekzosi. Likiwa na joto, usigombane naye. Mwambie utakuja siku nyingine.

Likiwa baridi kweli, na kwa sharti hilo tu, fungua mfuniko wa radieta. Usiufungue kamwe injini ikiwa na moto, utaungua uso. Kulanti iwe angavu, rangi yoyote ile, isiwe na utando wa mafuta juu wala tope. Chomoa kijiti cha oili, kisha fungua mfuniko wa kujazia oili uutazame kwa ndani. Ute mzito wa rangi ya maziwa maana yake maji na oili vimekutana. Ila hapa usikurupuke: gari la safari fupifupi, ambalo injini haipati muda wa kukausha unyevu, huweka ute kidogo kwenye mfuniko huo bila gasketi kuwa na tatizo. Kinachokuhukumia ni kijiti. Oili ya kwenye kijiti nayo ikiwa na rangi hiyo, funga boneti uondoke.

Sasa swichi, bila kuwasha. Taa za dashibodi zote ziwake: injini, oili, ABS, mifuko ya hewa. Taa ya injini isipowaka kabisa katika hatua hii, huenda kuna mtu ameizima makusudi, na hilo ni baya kuliko ingewaka ikabaki. Kisha mwingine awashe, wewe usimame nyuma. Mvuke mweupe mwepesi unaopotea haraka asubuhi ya baridi ni maji tu. Mweupe unaong'ang'ania na kunukia utamu ni kulanti. Wa bluu ni oili: ukitoka mara moja tu wakati wa kuwasha kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu zilizokakamaa; ukiendelea kila unapokanyaga mafuta, fikiria ringi za pistoni, na hapo ni kufungua injini. Mweusi kwenye gari la petroli ni mafuta kuzidi hewa, na mara nyingi chanzo ni sensa au injekta, jambo la kurekebishika. Sikiliza pia sekunde za mwanzo. Injini ya cheni ya taimingi, ile inayofungua valvu kwa wakati wake, ikikwaruza kwa chuma wakati huo, cheni imelegea au kikaza chake kimechoka. Likiwa la mkanda badala ya cheni, omba risiti ya kuubadilisha. Mkanda hauna dalili ya kuaminika, unakatika tu, na kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni.

Ripoti yako inajivunia kwamba mashine ya kusoma kompyuta ya gari haikusoma msimbo wowote wa hitilafu. Sawa. Hakuna msimbo kwa sababu hakuna hitilafu, au kwa sababu ilifutwa jana jioni? Kompyuta ya gari hujipima yenyewe: katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), sensa za oksijeni, mvuke wa mafuta na mengineyo. Misimbo ikifutwa, au betri ikichomolewa, vipimo hivyo vyote hurudi mwanzo, na gari huhitaji kuendeshwa kwa mwendo wa aina tofauti, pengine siku kadhaa, ndipo vikamilike. Mwambie fundi akuoneshe ukurasa wa vipimo hivyo kwenye mashine. Vikiwa vingi havijakamilika, ile "haikusoma msimbo" haina thamani. Fundi aliyeandika ripoti hakutaja habari hiyo hata kidogo.

Gia boksi ya otomatiki nayo ijaribiwe ikiwa baridi. Mguu kwenye breki, toa N peleka D, kisha R. Ishike ndani ya sekunde moja hivi, bila kugonga. Ikisitasita kisha ikaruka, kuna uchakavu ndani. Kama ina kijiti chake, oili iwe nyekundu au ya waridi. Ikiwa ya kahawia nzito na inanuka kuungua, klachi za ndani zinaisha. La manyuali, weka gia ya tatu likiwa limesimama, vuta hendibreki, achia klachi taratibu: injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza.

Nikija kwenye picha ulizotuma, ndipo nilipokosa usingizi kidogo. Taa ya mbele kushoto inang'aa kama mpya, ya kulia imefifia na kuwa ya njano. Huenda jiwe liliivunja, hutokea, na mtu mwaminifu hununua taa moja tu. Lakini bolti za fenda ya kushoto zinaonekana kukwanguliwa rangi kwenye kona, na hiyo ni alama ya spana. Fenda huwa haifunguliwi kwa ajili ya jiwe. Au pengine ilifunguliwa ili taa itoke, maana kwenye magari mengine bampa na fenda lazima vilegezwe. Sijui! Ndiyo maana kuna kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 180. Ukipata 300 hivi, imepuliziwa tena. Ikikaribia 1,000 au kuzidi, chini yake kuna puti. Kipimwe kila kipande na nguzo za milango pia, maana fenda ya kupaka ni urembo tu, ila nguzo iliyopakwa ni ajali kubwa. Tazama mipira ya milango kama ina vumbi la rangi, na mianya kati ya boneti na fenda kama inalingana kulia na kushoto.

Matairi ya mbele unayaona? La kushoto limeliwa upande wa ndani. Presha ndogo hula pembe zote mbili, presha nyingi hula katikati. Upande mmoja tu ni alainimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawa, au kitu kilichopinda au kulegea kwenye sapenshini, na tena ni upande uleule wa taa. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne ya miaka minne tofauti yanakueleza jinsi mwenyewe alivyokuwa akilitunza.

Hakuna hata picha moja ya chini ya gari. Hili silisamehe. Ukaguzi bila kulipandisha ni kutazama nusu. Chini ndiko kuna mipira ya ekseli iliyopasuka, bushi, shokapu zinazovuja, na reli za chesisi zilizonyooshwa kwa nyundo. Na likiwa limepuliziwa rangi nyeusi mbichi chini yote, uliza inaficha kutu gani.

Mengine ni ya haraka. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, utafute tope na mstari wa maji, dalili za gari lililozama; fanya hivyo pia kwenye shimo la tairi la akiba. Linganisha namba ya chesisi kwenye gari na kwenye hati, herufi kwa herufi. Pedali na usukani vilivyolika havifanani na odometa ya kilomita chache. Endesha nusu saa na zaidi, mpaka feni iwake na kuzima yenyewe, maana kuna magari yanayochemsha kwenye foleni tu. Kata kona kali polepole: mlio wa ka-ka-ka ni joint ya ekseli. Ukilitamani bado baada ya yote hayo, lipa kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi asilimia 10 hadi 15.

Fundi awe wako. Umlipe wewe, asimjue muuzaji, na asiwe anatarajia kupewa kazi ya matengenezo baadaye.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Sisemi, gari ni lako, fedha ni zako. Ila kama ungenishika mkono sasa hivi nijibu, ule upande wa kushoto... basi, sisemi. Baba yako anasema bei ni nzuri, naye hakosei. Mpigie muuzaji leo, umwombe uje kabla hajaliwasha, fundi wako akiwa na lifti ya kulipandishia gari, na usikilize anavyojibu. Kisha nipigie picha sehemu ya chesisi nyuma ya bampa la mbele, upande wa kushoto, unitumie kabla hujatuma hata arubuni.

Mama yako