Digrii Niliyoisomea Jikoni

Juzi nimetumiwa ujumbe na dada wa Githurai: "Nina watoto wawili na kazi ya dukani. Nikianza kusomea mtandaoni digrii ya biashara, nitaimaliza kweli?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha usingizi ukanipaa.

Mimi nilipata C katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mlango wa digrii unataka C+. Ikabidi nipitie diploma, masomo ya jioni mjini, nikishuka matatu ya Jogoo Road saa nne usiku watoto wamelala. Kwa hiyo niliposikia digrii yenyewe yaweza kusomwa nyumbani, nilichukua pesa zangu za chama nikalipa karo kwa M-Pesa. Mume wangu sikumwambia. Niliona haya ya kuanza jambo halafu nishindwe mbele yake.

Muhula mzima nilisoma kwa kujificha, simu chini ya blanketi. Ikaja siku ya mtihani wa takwimu. Kamera lazima iwe wazi na chumba kiwe kimya. Kitinda mimba wangu, miaka minne, akasukuma mlango akilia njaa, baba yake nyuma akiuliza kwa nini mtoto hajala. Angejuaje? Muda uliisha nimebakisha maswali matatu. Nilianguka, nikalilipia somo lile mara ya pili.

Usiku wa siku ile ya mtihani nilimweleza mume wangu yote. Alinyamaza kitambo, akasema, "Ungeniambia, ningewatoa watoto nje." Tangu hapo Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa tano usiku, jiko lilikuwa langu. Yeye aliwaogesha na kuwalaza watoto. Miaka miwili iliyofuata sina cha kusimulia: kazi, watoto, vitabu.

Ila Krismasi moja ushago, wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba hiyo ni digrii ya simu, nani ataniajiri nayo. Sijasahau, na sijifanyi nimesahau. Desemba iliyopita nilifuzu kwa daraja la pili la juu, nikavaa joho, na wanangu wakaona.

Basi dada, sikiliza. Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha chuo kimo kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kikiwa cha ng'ambo, uliza mapema kama cheti chake kitatambuliwa hapa. Siku hizi tuna hata Chuo Kikuu Huria cha Kenya, pale Konza, kilichopewa hati mwaka 2023, na kufundisha mtandaoni ndiyo kazi yake. Ukiwa na diploma au CPA, ile ya uhasibu, omba upunguziwe masomo. Nunua tokeni za umeme na bando siku moja kabla ya mtihani.

Lakini kubwa ni hili: waambie watu wako. Wanawake tumezoea kubeba mambo kimyakimya, kisha tunakasirika hakuna aliyetusaidia. Muda wa kusoma hauokotwi, unaombwa, na unawaomba wale unaolala nao chini ya paa moja. Mwambie mumeo, mwambie mama, mwambie dada wa kazi, hata bosi mwambie. Usimfiche mtu ambaye usingizi wake utauvunja kwa miaka minne.

Ukishazungumza naye, niandikie. Daftari zangu za takwimu ninazo bado, zote tatu. Nitakuletea Githurai mwenyewe.