Baba anaumwa tumbo, vipimo vyote ni safi

*Shikamoo sista. Mimi ni binti wa kwanza, nafanya kazi Dar, baba yuko Tabora. Ana miaka 71. Alikuwa dereva wa treni, na alipostaafu akashika ufugaji wa nyuki. Mama alifariki mwaka jana. Baba aliubeba msiba vizuri, hata chozi hatukuliona. Sasa kila siku ni tumbo na kifua. Amepimwa malaria, taifodi, UTI, amepigwa utrasaundi na picha ya kifua, hakuna kitu. Amekonda mpaka mkanda ameutoboa matundu mapya. Saa tisa usiku yuko macho, amekaa sebuleni gizani. Anasahau mambo ya jana. Mizinga hajaenda kuitazama msimu mzima. Mwezi uliopita alimpa mdogo wangu saa yake ya kazini na hati ya kiwanja, akasema, “Mimi tena ya nini?” Shangazi anasema ni uzee, jirani anasema karogwa. Nifanye nini?*
*Binti wa Tabora*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mama.

Nianze na ile saa na ile hati, maana zinanitia wasiwasi kuliko tumbo. Mzee kugawa mali si jambo geni. Wengi hugawa mapema ili watoto wasije wakagombana, na hufanya hivyo wakiwa na amani zao. Lakini aliyefiwa, aliyekonda, asiyelala, akitoa kitu alichokipenda na kusema “mimi tena ya nini”, huyo inabidi aulizwe, na aulizwe wiki hii. Usingoje likizo. Akae na mtu mmoja tu, wajukuu wasiwepo, aulizwe taratibu: “Baba, kuna siku unatamani usiamke?” Akikubali, swali lifuate: “Umewahi kufikiria kujidhuru? Kwa njia gani?”

Najua ni maneno mazito mtoto kumwambia baba yake. Kama hayakutoki, mtume baba mdogo, au mzee mwenzake wa reli, au mtani wake. Mtani anaruhusiwa kugusa pale ambapo mtu mwingine hathubutu. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wazee wengi niliowauliza walishusha pumzi, kama waliokuwa wanangoja mtu athubutu. Akisema ndiyo, na njia anayo kichwani, asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa za shambani na sumu ya panya zitoke nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kwa barua siwezi kumpima mtu, ila ulivyoeleza kunafanana sana na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Sonona ya mzee mara nyingi haina machozi. Katika miaka yangu ya uuguzi wa afya ya akili, ni wachache sana walioketi wakaniambia “nina huzuni”. Waliniambia tumbo, mgongo, moto kichwani, moyo kwenda mbio, mwili kukosa nguvu. Na maumivu hayo ni ya kweli, hawajifanyi. Kwa hiyo huwa nauliza mzee ameacha nini. Ameacha kwenda msikitini? Ameacha bao? Redio haiwashwi tena? Kwa baba yako jibu umeliandika mwenyewe: mizinga. Mfugaji kupitisha msimu bila kwenda kutazama nyuki wake, kwangu hiyo ni dalili kubwa kuliko chozi.

Majonzi ya kawaida huja na kuondoka. Mfiwa analia asubuhi, jioni mjukuu anamchekesha na chakula kinashuka. Sonona haimwachii nafasi hiyo, inakaa siku nzima, wiki baada ya wiki. Na ile kuamka saa tisa usiku bila kurudi usingizini, pamoja na kukonda, ni sura yake kabisa.

Kuhusu kusahau, msikimbilie kusema akili imechoka. Sonona huvuruga kumbukumbu ya mzee mpaka watu wadhani ni ugonjwa wa kusahau. Mwenye sonona mara nyingi analalamika mwenyewe, “siku hizi sikumbuki kitu”, na ukimuuliza swali anajibu “sijui” bila hata kujaribu. Mwenye ugonjwa wa kusahau huwa haoni tatizo, au analificha, na hali yake huja polepole kwa miaka. Yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja, ndiyo maana daktari amwone.

Mpelekeni Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, muulizie huduma ya afya ya akili. Mkifika, pitieni dirisha la wazee. Wekeni dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata za kununua dukani na za miti shamba, maana zipo dawa zinazomtia mtu huzuni na zipo zinazogombana na dawa za sonona. Ombeni apimwe wingi wa damu, sukari, presha, na homoni za tezi ya shingo pakiwa na kipimo. Kama anatumia metfomini ya kisukari kwa miaka mingi, mtajieni daktari vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini. Na masikio yake yaangaliwe. Mzee asiyesikia hujitoa kwenye mazungumzo kidogo kidogo, na hakuna anayegundua.

Watu wakisikia afya ya akili wanawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na kufungiwa. Mwambieni mapema kwamba wengi wenye sonona hutibiwa wakilala kwao. Kuhusu kurogwa, sitabishana na jirani. Sheikh akitaka kumsomea dua, amsomee, na kliniki iendelee. Nisichotaka ni mtu kumwambia baba kwamba imani yake imepungua. Hilo linamzidishia mzigo, maana mwenye sonona tayari anajilaumu.

Mazungumzo nayo ni tiba, si porojo. Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakishika tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye mabenchi hayo walipungukiwa dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nyumbani anzeni na hatua moja. Msimwambie “jikaze baba”. Mdogo wako aende naye kwenye mzinga mmoja, ulio karibu, asubuhi kabla jua halijakali. Asiulizwe kama anajisikia kwenda, maana hatajisikia. Hamu huja baada ya kuanza, si kabla.

*Asalaam aleikum. Mamangu ana miaka 78, twaishi Mombasa. Daktari alimwandikia amitriptilini ya usiku kwa sonona. Ni wiki mbili sasa: kinywa kikavu, choo kigumu, na akiamka kwenda msalani apepesuka. Dadangu ataka aziwache, asema hazisaidii kitu. Tumsikize?*
*Bi Zuhura*

Waaleikum salaam Bi Zuhura. Dada ana haki ya kuogopa, ila msizikatishe wenyewe. Rudini kwa daktari wiki hii na mmweleze habari ya kupepesuka kwanza kabisa. Ni dawa ya zamani na inasaidia wengi, lakini kwa mzee hushusha presha anaposimama, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo ni balaa jingine. Daktari anaweza kupunguza dozi, au kubadilisha ampe fluoksetini au setralini. Hizo nazo zina ya kwao: zinaweza kushusha chumvi ya damu katika wiki za mwanzo, mzee akalegea na kuchanganyikiwa. Zikichanganywa na aspirini au ibuprofeni, tumbo linaweza kutoka damu.

Wiki mbili ni mapema mno kuihukumu. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita, na kwa wazee hufika nane. Usingizi na hamu ya kula hutangulia, moyo hufuata nyuma. Akipona ataendelea kuzinywa miezi sita au zaidi, kwa kauli ya daktari.

Hadi mtakapomwona daktari, usiku aketi ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa chini, atulie kidogo ndipo asimame, na mtu amshike. Taa ya njia ya msalani isizimwe, mkeka mlangoni uondolewe. Msimwongezee Valium ya dukani ili alale. Na akishindwa kabisa kukojoa, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, msingoje kupambazuke: mpelekeni usiku huo huo.