Kwa Wanaoanza Biashara ya Dagaa na Simu Mkononi

Wadogo zangu mnaoteremka mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, kuanza biashara ya dagaa, nawaona. Kila mmoja ana simu, na ndani ya simu ana akili mnemba inayomwandikia mchanganuo wa biashara, barua ya mkopo, hata tangazo la WhatsApp. Sina ugomvi nayo. Hesabu zangu za magunia, nauli na ushuru huzikagua nayo kila jioni. Ila msimu wangu wa kwanza nayo nilipoteza magunia sita, na nyie sipendi mlipie somo lile lile.

Ilikuwa wakati wa mvua. Niliiuliza dagaa waliokauka sawasawa hutambulikaje, ikanipangia vizuri: wang'ae kama fedha, wasinuke vibaya, wasiwe na unyevu. Hakuna neno la uongo hapo. Nikaenda kwenye vichanja, nikatazama, nikanusa, nikatoa pesa. Mama mmoja anayeanika pale tangu enzi za karabai akachota konzi moja, akaiminya karibu na sikio. "Mwanangu, hawa bado wana maji tumboni." Nikamwitikia kwa heshima, moyoni nikacheka. Mama mwenyewe aliishia darasa la nne. Mzigo ulipofika Tabora ulikuwa umeshavunda.

Niliporudi nilimwomba anifundishe, akashindwa kueleza. Alinijazia dagaa kiganjani akaniambia, "Sikiliza." Kesho yake tena, sikiliza. Ilichukua karibu wiki mbili sikio langu kuanza kutofautisha mlio wa samaki anayekatika na wa samaki anayejikunja. Simu imejifunza kwa yale ambayo watu wameyaandika, na mama yule hajaandika chochote.

Baadaye nilisoma kwamba mtaalamu wa roboti, Hans Moravec, alilieleza jambo hili mwaka 1988: kompyuta ni rahisi kuifundisha michezo ya watu wazima wenye akili kuliko kuipa macho na miguu ya mtoto wa mwaka mmoja. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM, Deep Blue, ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Lakini mashine ya kugeuza dagaa upepo ukibadilika, huku inafukuza kunguru na kumbembeleza mtoto mgongoni, mwaloni kwetu sijaiona. Tulikuwa tumezipanga akili kama ngazi, hesabu na sataranji juu, mikono chini kabisa. Mashine ikarukia juu, chini ikakwama. Basi nani aliipanga ngazi hiyo? Ni sisi tuliokaa shuleni muda mrefu.

Kwa watu wa Kigoma hili si geni. Boti za kwenda hifadhi ya Gombe huondokea hapa hapa Kibirizi, na huko Gombe mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kujitolea mchwa. Kabla ya hapo wasomi wengi walishikilia kwamba zana ndizo zinazomtenga binadamu na wanyama. (Sokwe mwenyewe hakuwa na ubishi na mtu, alikuwa na njaa tu.) Tukauhamisha mpaka, tukasema basi ni lugha. Sasa simu inazungumza.

Na inazungumza kwa upole mno, hapo ndipo muwe macho. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alitangaza programu ya kompyuta iitwayo ELIZA, ambayo iliyageuza maneno yako kuwa maswali na kukurudishia. Watu waliifungulia mioyo, hata katibu wake aliyemwona akiitengeneza. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi aliambiwa na simu "wazo zuri sana" kwa mpango wake wa kuchukua mkopo na kununua magunia arobaini wiki ya mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa za mitumbwi hazivuti dagaa, mzigo unaadimika na bei inapaa. Mvuvi yeyote angemcheka mbele ya watu, naye angeokoka.

Kwa hiyo mkifika, kabla ya kuuliza bei, ombeni kuanika siku chache. Mama bado yupo. Nimejaribu kuurekodi ule mlio kwa simu ili niwatumie, lakini upepo wa ziwa umeufunika wote. Mwenye simu nzuri kuliko yangu aje jioni, dagaa wanapoanuliwa, siku upepo ukitulia.