Muulize Mwalimu: Mama anataka akiamka aone mawe ya zamani

Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Oktoba nampeleka mama Roma pamoja na mahujaji wa parokia yetu. Wenzetu wakishaondoka, sisi tutabaki usiku 4 tutembee wenyewe. Kwenye simu nimeona hoteli mbili. Moja iko jirani kabisa na Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, ghorofa ya 4, wameandika "chumba kinatazama Colosseum". Nyingine iko nje ya mji, nusu ya bei, na ina bwawa la kuogelea. Mama ana miaka 71, kwao Bukoba, na magoti yanamsumbua. Mwenyewe anasema hataki makuu, ila akiamka tu aone mawe ya zamani. Nichukue ipi?
Msomaji, Nyegezi

Marahaba, mwanangu. Hiyo ya bwawa ifute leo. Mtu wa Nyegezi na bwawa wapi na wapi? Ile nusu ya bei utailipa kwa nauli na kwa magoti ya mama. Asubuhi basi, kisha treni, jioni hivyo hivyo, na mchana akichoka hana pa kwenda kujilaza. Mzee anakihitaji kitanda cha karibu saa nane mchana kuliko saa nne usiku. Mimi nililijua hilo siku ya pili tu ya safari yangu, tumeketi kwenye ngazi za kanisa, wastaafu wanne, kila mmoja kashika viatu vyake mkononi.

Ya kwanza nayo usiikimbilie. Sisi tuliingizwa mjini na maneno hayo hayo, "chumba kinatazama". Hoteli siitaji. Colosseum ilionekana kweli: ufungue dirisha, utoe kichwa na bega, ugeukie kushoto, ndipo unakiona kipande cha ukuta katikati ya antena mbili. Mwenzangu alichungulia mara moja akafunga dirisha, akasema Bismarck Rock anaiona vizuri zaidi akiwa amebanwa ndani ya daladala. Na lifti! Ya milango ya kusukuma kwa mkono, inaingia watu wawili wembamba, au mmoja na begi lake. Kuifikia lifti yenyewe kulikuwa na ngazi 13. Nilizihesabu kila nilipozipanda. Majengo ya katikati ya Roma ni ya kale, lifti zimechomekwa baadaye palipopatikana upenyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa waandikie uwaulize kama lifti inaanzia usawa wa barabara. Wakikujibu "kuna ngazi chache", waambie wakutajie idadi.

Tafuta mtaa unaoitwa Monti, ulio kati ya stesheni kuu ya Termini na Colosseum. Jina lake maana yake milima, na kweli una miinuko, lakini mkazi wa Mwanza aliyewahi kumtembelea ndugu yake Mabatini juu hatishwi na huo. Tafuteni upande wa bondeni. Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express haisimami popote, dakika 32 mko Termini. Hapo mnashika metro ya laini B: kituo cha kwanza Cavour, cha pili Colosseo.

Sasa nivumilie kidogo, nilifundisha historia na maradhi hayo hayaponi. Bondeni mwa Monti zamani paliitwa Subura, uswahilini kwa Warumi: vyumba vya kupanga vilivyobebana, kelele, na moto kuzuka kila mara. Julius Caesar aliishi huko kabla hajawa mkubwa. Kaisari Augustus alipojenga Forum yake, yaani uwanja wa shughuli za umma, iliyozinduliwa mwaka 2 kabla ya Kristo, nyuma yake aliinua ukuta mkubwa wa mawe, wenye kimo cha zaidi ya mita 30, ili moto na uswahili wa Subura visivuke. Ukuta huo umesimama hadi leo, pembeni mwa barabara wanayopita watu wakienda kununua mkate. Mama yako atalala upande ule ule wa walalahoi, na akitoka nje asubuhi hatua chache tu anaugusa kwa mkono. Hayo ndiyo mawe aliyoyaomba, na hayana bei ya dirisha.

Sisi usiku wa pili tulihamia nyumba ya masista humo humo Monti. Nyumba hizi ziko nyingi Roma, Waitaliano huziita casa per ferie, na hupokea yeyote. Vitanda vya mtu mmoja mmoja, msalaba ukutani, mashuka yamepigwa pasi mpaka yanasimama. Nyingi hufunga geti saa 5 usiku, uliza mapema. Chai ya asubuhi ni mkate mtamu wenye umbo la mwezi mchanga na kahawa ya maziwa. Supu au chapati msahau, kwa hiyo beba unga wa uji kama mama hawezi kuanza siku na sukari. Bafuni ataona karai la pili, fupi, karibu na choo. Ni la kunawia. Sisi tuliokulia kwenye maji tulilipenda kuliko kitu chochote Italia.

Mtoe mama mapema. Oktoba jua la kule huchelewa, ni karibu saa moja na robo, halina utaratibu wa jua letu la ikweta. Shukeni barabara ya Via dei Fori Imperiali taratibu. Njia ya miguu ni pana, na magofu ya pande zote mbili mnayaona bure mkiwa mmeegemea kingo. Msipite vichochoro vya vijiwe vyeusi vya mraba kama mvua imenyesha, vinateleza kama sato. Raba zenye soli nene, tafadhali, vile viatu vya kitenge abaki navyo kwa misa.

Colosseum yenyewe ingieni mara moja, asubuhi. Tiketi huandikwa jina la mtu, kwa hiyo pasi za kusafiria ziwe mkononi. Ndani lifti ipo, muulizie mama. Ilianzwa na Kaisari Vespasian, mwanawe Titus akaifungua mwaka 80. Umeshaona watu wanavyobanana wakitoka Kirumba baada ya mechi? Warumi waliweka milango 80 kuzunguka uwanja, na mingi ikapewa namba, nawe uliingia kwa namba ya tiketi yako. Juu ya baadhi ya matao namba hizo bado zinasomeka. Mimi nilisimama chini ya LII, yaani 52, nikacheka peke yangu, maana nimewachapa watoto wa watu miaka mingi wazijue namba hizo nisijue mwenyewe zina kazi gani.

Siku moja muwekee mama ya kwao. Kwa desturi kardinali hupewa kanisa la heshima Roma, na Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika zama zetu, alipewa San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere ng'ambo ya mto Tiber. Pandeni teksi. Mama alikuwa binti mdogo Bukoba habari hiyo ilipofika. Mkae naye humo kadiri atakavyo, hata Pantheon, lile hekalu la kale, mkiikosa.

Jambo la mwisho, wewe ni mfanyabiashara utanielewa: viza itadai uthibitisho wa malazi, lakini usilipe chumba kisichorudishiwa fedha kabla viza haijabandikwa.

Mwalimu, tulilipia hoteli yetu ya Roma kila kitu tukiwa huku. Tulipofika mapokezi wakatudai euro nyingine. Tuliibiwa?
Msomaji, Sengerema

Hapana. Hiyo ni kodi ya jiji, hulipwa hotelini kwa kila mtu kwa kila usiku, kulingana na nyota. Hoteli ya nyota 3 ni euro 6. Haizidi usiku 10, na watoto wa chini ya miaka 10 hawalipi. Wizi ungekuwa kutokupa risiti.

Eti maji ya barabarani Roma yananyweka? Binti yangu ananiambia nisijaribu.
Msomaji, Magu

Yananyweka, ya baridi na bure. Zipo nguzo fupi za chuma zenye bomba lililopinda, wenyewe wanaziita nasoni, yaani pua kubwa, na maji hutiririka mchana kutwa usiku kucha. Beba chupa. Kama huna, ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka kupitia tundu dogo la juu. Ila kaa pembeni. Mimi nilisimama mbele yake, nikarudi kwa masista nimelowa kifua kizima, na sista wa getini akaniletea taulo bila kuuliza.