Kwenye stempu ya daktari, mgonjwa naye awemo

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: nchi yako ikitoa stempu moja ya kumuenzi mtu, ungependa iwe ya nani? Kwa sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, swali hilo ni jepesi mno. Uliza sokoni Kadutu, uliza dereva wa teksi, utatajiwa daktari Denis Mukwege hata hujamaliza kuuliza. Mimi pia ndiye ninayemtaja. Ninachobishia ni mchoro.

Habari zake mnazijua, nitapita haraka. Alizaliwa hapa hapa mwaka 1955, akasomea udaktari Burundi, kisha magonjwa ya wanawake Angers, Ufaransa. Alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Lemera iliposhambuliwa mwaka 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi hapa mjini, nia ikiwa kuzalisha akina mama salama. Vita ikamletea kazi nyingine, kuwatibu wanawake waliobakwa, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Sasa nina hakika mchoraji akiitwa leo atatuletea kichwa cha daktari, koti jeupe, na bendera nyuma. Ndivyo Marekani walivyofanya mwaka 1959 walipomuenzi Ephraim McDowell kwa stempu ya senti 4. Huyo ndiye daktari aliyefungua tumbo la mwanamke mjini Danville, Kentucky, Desemba 1809, akatoa uvimbe wa ovari na mgonjwa akapona. Mgonjwa aliitwa Jane Todd Crawford. Madaktari wa kwao walidhani ana mimba iliyopita siku zake. McDowell alimweleza waziwazi kwamba hilo ni jaribio, na kwamba akilikubali itambidi aje Danville. Akaja, karibu kilomita 100 juu ya farasi, wakati wa baridi, tumbo likiegemea tandiko hadi likachubuka. Dawa ya usingizi ilikuwa bado; etha ilianza kutumika hadharani mwaka 1846. Alilazwa mezani akiwa macho, na inasimuliwa kwamba alikuwa akikariri Zaburi kwa muda wa dakika 25 hivi, huku uvimbe wa kilo 10 ukitolewa. Siku ya tano daktari alipoingia chumbani alimkuta anatandika kitanda chake mwenyewe! Akaishi miaka 32 zaidi.

Kwenye stempu yumo McDowell peke yake. Yule mama hayumo, na bila yeye kupanda farasi siku ile hatungekuwa na daktari wa kuenzi.

Waingereza walionyesha kwamba si lazima kila stempu iwe kichwa cha mtu. Mwaka 1965, walipoadhimisha miaka 100 ya mbinu ya daktari Joseph Lister ya kuua vijidudu wakati wa upasuaji, stempu moja ilikuwa na sura yake, lakini ile ya peni 4 ilionyesha kinyunyizio chake cha asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu hivyo. Chombo tu. Naipenda zaidi hiyo.

Ya kwetu ningetaka ionyeshe mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa fistula. Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, linaloletwa na uchungu wa kuzaa uliokwama siku nyingi au na ukatili wa kubakwa. Mkojo unavuja usiku na mchana, na mara nyingi mume anaondoka. Baada ya tundu kushonwa, mrija unaachwa kwenye kibofu kama wiki mbili ili mshono ukauke. Kwa hiyo mchoreni amesimama, kitenge kimefungwa vizuri, mkono mmoja umeshika kindoo ambamo mrija unaishia. Achorwe kwa nyuma, uso usionekane, maana aibu ya mtaani haijaisha. Jina la daktari liandikwe chini kwa herufi ndogo.

Wapo watakaosema aligombea urais mwaka 2023, basi stempu itakuwa bango la kampeni. Ni sababu moja zaidi ya kutoweka sura yake. Wengine watauliza tembre, yaani stempu, ni ya nini mji huu, ambako bahasha ya Goma anapewa abiria wa boti na mwenyewe anapigiwa simu aifuate bandarini. Kweli, lakini stempu za namna hii hununuliwa na watunzaji duniani kote, na wengi wao Kivu, eneo letu hili, wanaijua kwa habari za bunduki tu.

Na kuna wanaosema mtu aliye hai asiwekwe kwenye stempu. Marekani wana desturi hiyo, na McDowell alifika kwenye stempu yake miaka 129 baada ya kufa. Mimi sioni faida ya kungoja. Wanawake waliotibiwa Panzi wako hai, wengine wanauza samaki na mihogo hapa mjini. Mchoro ukiwa tayari upelekwe kwao kwanza, waseme kama kindoo kinashikwa hivyo.