Gemu ndogo yenye kumbukumbu ndefu

Ukitengeneza RPG, yaani gemu ambayo mchezaji huigiza mhusika ndani ya hadithi, peke yako, kubali kwanza kwamba huna watu. Studio kubwa ina wachoraji wengi, ina waandishi, ina hadi watu ambao kazi yao ni kuchora miti tu. Wewe una saa za usiku baada ya kazi ya mchana. Kushindana nao kwa ukubwa wa ramani ni kujitafutia maradhi. Nimekuwa kwenye kazi hii muda wa kutosha kusema bila wasiwasi kwamba mchezaji hatakushukuru kwa kijiji cha kumi na tatu. Kitakachomshtua ni mtu wa kijiji cha kwanza kumkumbuka kwa alichomfanyia.

Chukua gemu ya Chrono Trigger ya mwaka 1995. Mwanzoni kabisa unazurura kwenye maonyesho ya sherehe. Kuna chakula cha mtu kimewekwa mezani, na ukitaka unakila. Unagongana na msichana, kidani chake kinaanguka, nawe unachagua kumjali yeye kwanza au kuokota kidani. Hakuna anayekuonya. Baadaye unasimamishwa mahakamani, na mambo yaleyale uliyoyafanya kwa mchezo yanaletwa kama ushahidi. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hata ukionekana huna hatia, bado unaishia gerezani. Hadithi haikugawanyika njia mbili, na watengenezaji hawakulazimika kuandika gemu mbili. Walihifadhi majibu machache ya ndiyo au hapana, wakayasubirisha, kisha wakayasoma kwa sauti mbele ya mchezaji.

Hapo ndipo mtu mmoja anaweza kushindana. Kumbukumbu ni rahisi. Kwenye programu ni alama moja tu: amelipa, hajalipa. Kijiji kipya kinataka picha, muziki, watu wa kukijaza na wiki za kukijaribu.

Kwenye gemu ninayoitengeneza sasa kuna mvushaji wa mtoni. Ukikosa nauli anakuvusha kwa mkopo, utalipa ukirudi. Wachezaji wengi hawarudi, kwa sababu hadithi inawavuta mbele. Saa kadhaa baadaye wanafika kwenye mji mwingine, wanaingia dukani kununua dawa, na muuzaji anawaangalia usoni. "Wewe ndiye uliyevushwa kwa mkopo? Baba alisema una uso wa mtu mwaminifu." Basi. Anauza dawa kwa bei ileile. Nilikuwa nimeandika toleo ambalo anapandisha bei, nikalifuta, maana bei ikipanda mchezaji analipa na deni linaisha moyoni mwake. Ile sentensi hailipiki.

Kutokana na hayo nimejiwekea sheria. Kila alama ninayohifadhi lazima isomwe zaidi ya mahali pamoja, na angalau mara moja isomwe mbali na tukio lilipotokea, kutoka kinywani mwa mtu ambaye hakuwepo. Alama isiyofikia hapo naifuta. Vinginevyo unabaki na mamia ya vitu vilivyohifadhiwa ambavyo hakuna anayeviuliza, na siku ya kutafuta hitilafu utalia.

Undertale ya Toby Fox, iliyotoka mwaka 2015, ilikwenda mbali zaidi. Ukiua mhusika fulani wa mwanzoni, ukajutia, ukarudi ulipohifadhi mchezo na safari hii ukamwachia, kuna anayejua. Anakwambia. Mchezaji aliyezoea kurudi nyuma kama anayefuta ubao anagundua kwamba ubao una macho. Sikushauri uige mbinu hiyo, kwa sababu imeshajulikana na itaonekana ni ya kuazima. Jiulize tu swali lililo nyuma yake: ni tabia gani ya wachezaji ambayo gemu zote hujifanya haziioni?

Sasa namba. RPG zetu zimerithi namba kutoka kwenye michezo ya vita ya mezani; Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, RPG ya mezani ya mwaka 1974, ilichipuka huko. Ndiyo maana watengenezaji wapya huanza na mapigano na kumalizia na mapigano. Namba hazina ubaya, ila ziwe ndogo. Tuseme madhara ni nguvu ya shambulizi ukitoa ulinzi. Adui ana ulinzi 10, wewe una nguvu 12, unamwumiza 2. Ukipata upanga unaoongeza 2, sasa unamwumiza 4: mapigano yaleyale yanakwisha kwa nusu ya muda, na mkono wa mchezaji unaihisi tofauti hiyo. Upanga huohuo ukimpa mwenye nguvu 50, anatoka 40 kwenda 42, na hakuna atakayejua umempa kitu. Wanaopenda kuandika elfu tisa kwenye skrini wananunua kelele.

Namba ikibadilisha mazungumzo ni bora zaidi. Katika Fallout ya mwaka 1997, ukiunda mhusika mwenye akili kidogo sana, anaongea kwa kubabaika na watu wanamjibu hivyohivyo. Disco Elysium, mwaka 2019, iliacha kabisa mfumo wa kawaida wa mapigano, na stadi zako ndizo zinazobishana nawe kichwani. Hayo ni maandishi. Maandishi unayaweza peke yako.

Kuhusu programu ya kutengenezea, watu hubishana mno. To the Moon, mwaka 2011, ilitengenezwa kwa RPG Maker, ile inayodharauliwa, na watu walilia kwa hadithi yake. Tumia unayoijua.

Kitu ambacho sikipunguzi hata nikichoka ni majaribio. Mkalishe mtu ambaye hakudai wala humdai, kaa nyuma yake, funga mdomo. Akipotea, apotee. Utatamani sana kumwambia "bonyeza pale", lakini hutakuwepo sebuleni kwa kila mnunuzi. Usimuulize kama gemu ni nzuri. Atasema nzuri, ana adabu. Subiri siku mbili tatu kisha mwombe akusimulie kilichotokea, wewe ukiandika. Wahusika anaowataja bila kukumbushwa ndio wa kuongezewa mistari. Kijiji ambacho hakukitaja hata mara moja, jaribu na mtu wa pili. Naye akikiruka, kiondoe kwenye ramani na uhamishie watu wake wawili wazuri kwingine.