Alama za mbunge wetu: niamini picha ipi?

SWALI: Kwenye kundi letu la WhatsApp zinazunguka picha mbili kuhusu mbunge wetu. Moja inasema amepata asilimia 81 na yumo katika wabunge kumi bora nchini. Ya pili inasema hajapinga mswada wowote wa serikali tangu achaguliwe. Yuko muhula wa pili, na amewahi kuhama chama. Kabla ya uchaguzi wa 2027 nataka kujua alivyopiga kura Bungeni. Nitajuaje? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Anza kwa kuzifuta zote mbili.

Asilimia 81 ya nini? Kila ninapotumiwa picha za aina hiyo huuliza swali hili, na bado sijajibiwa. Hazitaji mswada, hazitaji tarehe, hazitaji ukurasa wa Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni. Nyingine huchanganya humo humo basari na madarasa yaliyojengwa kwa pesa za NG-CDF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge), ambazo hazihusiani kabisa na kura ya mbunge.

Maamuzi mengi ya Bunge la Taifa la Kenya hayaachi jina la mtu. Spika huliuliza Bunge, wanaounga mkono huitikia, wanaopinga huitikia, kisha hutangaza upande ulioshinda kwa sauti. Hansadi inaandika kwamba hoja imekubaliwa na shughuli inaendelea. Majina huandikwa panapokuwa na kura ya mgawanyiko: wabunge wa kutosha wamesimama kuidai, au Katiba yenyewe inataka idadi maalum. Kwa hiyo anayekupa asilimia ya kura zote za mbunge katika muhula mzima ameibuni. Na anayedai mbunge "hajapinga mswada wowote" huenda hajui kwamba mingi ya miswada hiyo ilipita kwa sauti, na hakuna awezaye kuthibitisha aliitikia nini.

Lakini kuna jambo linaloniudhi kuliko picha hizo, nalo ni imani kwamba mbunge ambaye hakuwepo hana upande. Wabunge wenyewe huitumia imani hiyo wanaporudi nyumbani: "Mimi siku hiyo sikuwepo." Watu wanakubali na mjadala unaishia hapo.

Tazama hesabu. Mswada wa kawaida hupita kwa wingi wa wabunge waliopo na kupiga kura, kwa mujibu wa Kifungu cha 122 cha Katiba. Hapo asiyekuwepo hupunguza tu idadi ya wanaohesabiwa. Marekebisho ya Katiba ni mengine kabisa: Kifungu cha 256 kinataka theluthi mbili ya wabunge wote, wawe wamefika au hawakufika. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika, yaani zinatakiwa kura 233. Kwenye kura ya namna hiyo, kiti kitupu kina uzito sawasawa na "la".

Mswada wa kutekeleza kanuni ya theluthi mbili ya jinsia, inayotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, uliuawa kwa njia hii. Mwaka 2016 ulipata kura 195 za ndiyo na bado ukaanguka, ingawa waliosimama kuupinga walikuwa wachache sana. Februari 2019, siku ya kupigia kura jaribio jingine, ukumbini walikuwamo wabunge 174. Walipungua 59, na kura haikuweza hata kupigwa. Ukitafuta jina la aliyepiga "la" siku hiyo hutalipata. Mswada umekufa na hakuna mbunge mwenye doa kwenye rekodi yake. Mtu akikuhesabia kura za ndiyo na la peke yake, wote waliouua mswada huo kwa kutofika watatoka wakiwa safi.

Hata pale majina yanapokuwepo, uliza ni hatua gani ya mswada. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipigiwa kura uliposomwa mara ya pili tarehe 20 Juni, ukapata 204 dhidi ya 115. Tarehe 25 Juni, kwenye usomaji wa tatu, ukapata 195 dhidi ya 106. Ndiyo zilipungua kwa 9, na la zikapungua kwa 9. Mbunge anaweza kuwa kwenye orodha moja na kukosekana kwenye nyingine, kwa hiyo orodha isiyo na tarehe haikuambii kitu. Zaidi ya hayo, kumtaja mtu kwa kura ambayo hakuipiga, wakati umma umekasirishwa na mswada wa kodi kama huo, ni kumhatarisha.

Sasa mbunge wako. Ingia kwenye tovuti ya Bunge, ufungue Hansadi ya siku ya mswada unaokugusa, utafute sehemu ya mgawanyiko na usome majina. Kisha nenda kwenye ripoti za kamati yake. Wengi hawazifungui, na hapo ndipo kazi ya mbunge inaonekana vizuri zaidi: mwishoni huambatishwa kumbukumbu za vikao na orodha ya waliotia sahihi kuikubali ripoti. Ukikosa hati, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unapaswa kujibiwa ndani ya siku 21.

Kuhusu kuhama chama, tazama wakati. Mbunge aliyechaguliwa kupitia chama akikihama katikati ya muhula hupoteza kiti chini ya Kifungu cha 103. Kama kwenu hapakuwa na uchaguzi mdogo, basi huenda alihama karibu na uchaguzi, wakati ambapo kuhama hakumgharimu kitu. Pima pia alivyofanya pale msimamo ulipokuwa na gharama. Mwaka 2020 chama cha Jubilee kiliwaondoa kwenye uongozi wa kamati wabunge waliohesabiwa kuwa upande wa naibu wa rais wa wakati huo, William Ruto. Oktoba 2024, wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Rigathi Gachagua, aliyekuwa naibu wa rais, na 44 wakakataa. Kwa mbunge wa upande wa serikali, kuwa miongoni mwa wale 44 kunakueleza mengi kuliko "ndiyo" hamsini alizopiga kwa kumfuata kiranja wa chama chake, anayewaelekeza wabunge wapige kura vipi.

Na akikuambia hakuwepo, usikubali iishie hapo. Kifungu hicho hicho cha 103 kinasema mbunge anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na asiyeweza kuiridhisha kamati inayohusika kwa maelezo yake, hupoteza kiti. Muulize alikosa vikao vingapi, na ruhusa hiyo iko wapi.